Nikikata kona kwa kasi boti inajigeuza yenyewe: tatizo ni nini?

SWALI: Mimi ni nahodha hapa Mtwapa. Nilinunua boti ya faiba ya mtumba, futi 18, chini ina V, iliundwa Marekani kwa ajili ya mwendo wa kasi. Ina mashine ya farasi 150 iliyofungwa kwenye bamba la kuipandisha na kuishusha. Ikienda moja kwa moja haina neno. Lakini nikikata kona kwa kasi, mara tezi, yaani nyuma ya boti, inachomoka na mashine inapiga kelele, mara omo, yaani mbele yake, inachimba na boti inajizungusha yenyewe. Juzi mpwa wangu aliyekuwa amekaa ubavuni alirushwa majini. Namshukuru Mungu alikuwa na jaketi. Fundi mmoja ananiambia niipandishe mashine ili boti iwe nyepesi. Mwenzangu ananiambia nikiona inayumba niachie gesi mara moja. Nimsikilize nani? Na nikifunga mashine ya 200, itatulia?

JIBU: Nahodha, pole sana, na umfikishie pole mpwa wako. Kwa hali ya boti yako ilivyo sasa, usimfuate hata mmoja wa hao wawili. Fundi anataka kuitoa mashine majini, nayo ndiyo inayoishika tezi. Mwenzako anataka uachie gesi katikati ya kona, na ukiachia, omo inaanguka na kuchimba. Tezi iliyokosa mshiko na omo iliyochimba vikikutana kwenye kona moja, ndiyo yaliyomrusha kijana wako.

Boti ya namna yako haishiki maji kama mashua. Mashua ina mkuku, ule mti wa chini kabisa, kutoka omo hadi tezi, na wote umo majini, kwa hiyo haiendi ubavuubavu kirahisi. Boti ya V ikishapanda juu ya maji kwa kasi, maji yanaigusa sehemu ya nyuma tu. Kwenye noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa, boti ya futi 18 iliyopangwa vizuri huwa imekalia mita moja na nusu hivi ya mwisho, na pengine pungufu ya hapo. Omo yote iko hewani. Ikikata kona, vinavyoizuia isiteleze ni vitu vitatu: bapa la V la upande ilikolalia, ile kona kali ambapo ubavu unakutana na sehemu ya chini ya boti, na mguu wa mashine, yaani sehemu yake inayoshuka majini na kubeba propela. Vyote viko nyuma, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mshale huenda sawa kwa sababu uzito uko mbele na manyoya yako nyuma. Hamisha manyoya mbele, utageuka hewani. Boti yako nayo inajigeuza pale mshiko wa maji unapohama kutoka nyuma na kwenda mbele ya uzito wake. Kimo cha mashine, propela, mizigo, trimu (pembe ya mguu, kuusukuma nje au kuuvuta ndani), hizo zote ni njia mbalimbali za mshiko huo kuhama.

Kabla ya kuingia huko, tazama ukubwa wa nguvu unazocheza nazo. Ukikata kona yenye nusukipenyo cha mita 30 kwa noti 20, mtu wa kilo 70 anavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 25 hivi. Atashika kitu na atakaa. Kona hiyohiyo kwa noti 40, nguvu inafika kama kilo 100. Mwendo umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Sasa boti ikichimba, ile kona ya mita 30 inakuwa ya mita 10 kwa kufumba na kufumbua, na nguvu inazidishwa tena mara tatu kabla mwendo haujapungua. Hakuna mkono wa binadamu unaohimili hapo. Mpwa wako hakurushwa kwa sababu alizembea kushika.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba boti ya mashine ya nje haina usukani majini kama meli. Unaposokota usukani unauelekeza mguu wa mashine, na kinachoisukuma tezi upande ni msukumo wa propela, pamoja na maji yanayopiga ubavu wa mguu. Ukiachia gesi, sehemu kubwa ya uwezo wako wa kuongoza inaondoka hapohapo. Kwa hiyo mtu anayeachia gesi katikati ya kona anaishusha omo na papo hapo anaupoteza usukani.

Tuifuate kona moja. Unakuja kasi, umeisukuma mashine nje kwa trimu ili omo inyanyuke, maana ndivyo boti inavyopata mwendo. Unakata kushoto. Mguu unakaa mshazari dhidi ya maji. Upande mmoja wa mguu presha inapanda, upande wa pili inashuka sana, na kwa kuwa mguu uko karibu na uso wa maji, hewa inavutwa chini kando yake mpaka kwenye propela. Propela inakula hewa. Hapo ndipo unaposikia mashine inalia, mizunguko inapanda ghafla na boti haiendi. Msukumo umekatika na mguu haushiki tena, kwa hiyo tezi inateleza kwenda nje.

Hatari kubwa iko kwenye sekunde inayofuata. Boti imepoteza msukumo, basi omo iliyokuwa hewani inashuka. Boti yako ni V, na mbele ile V ni kali na ya kina. Ikiingia majini wakati boti imelala upande, inafanya kazi ya usukani uliofungwa mbele. Kona inajikaza yenyewe bila wewe kusokota kitu. Omo imesimama, tezi bado ina mwendo wake na haina kinachoishika, basi inazunguka kumpita mwenzake. Boti ikishakwenda ubavuubavu, ile kona kali ya chini ya upande wa nje inakwaa maji, boti inabingirika kuelekea nje, na waliokaa ubavuni wanaruka. Propela nayo ikishika maji tena katikati ya hayo, gesi ikiwa bado imefunguliwa, kuna mstuko wa pili. Kwa hiyo yale unayoyaeleza kama matatizo mawili, tezi kuchomoka na omo kuchimba, mara nyingi ni tukio moja: la pili linazaliwa na la kwanza.

Omo inaweza kuchimba hata bila tezi kuteleza kwanza. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyeuvuta mguu wa mashine ndani kabisa akidhani anaituliza boti. Propela inainua tezi, omo inalala majini, na kona ya kwanza tu boti inakaza. Dalili yake utaisikia mikononi hata ukienda moja kwa moja: usukani unakuwa mzito, na omo inatangatanga kushoto na kulia kana kwamba inatafuta njia.

Sasa boti yako. Ningeanza na kimo cha mashine, kwa sababu una lile bamba na kwa sababu tayari kuna mtu anakushawishi uipandishe. Ipandishe boti nchi kavu. Chukua ubao ulionyooka sawasawa, uubane chini ya boti kwenye mstari wa katikati, uache utokeze nyuma mpaka kwenye mguu. Tazama lile bawa bapa lililo juu ya propela. Kwa kazi ya kubeba watu, liwe sawa na ubao huo, au juu yake kwa milimita 25 hivi, kwa sababu maji huinuka kidogo yakishatoka chini ya tezi. Ukilikuta juu zaidi ya hapo, ishushe mashine kabla hujagusa kitu kingine. Pima pia kimo cha ubao wa tezi wenyewe, yaani ukuta wa nyuma ambapo mashine hufungwa. Mashine hutengenezwa kwa miguu ya inchi 15, 20 na 25, na kwenye boti za mtumba nimeona mara nyingi mashine ya inchi 20 imefungwa kwenye ubao wa 25. Hiyo itakula hewa kwenye kila kona hata ufanye nini.

Fundi wako hakulitunga jambo hilo. Wanaoshindana huipandisha mashine kwelikweli, kwa sababu mguu ukizama kidogo unaburuza kidogo. Lakini propela zao zimeundwa kufanya kazi nusu yake ikiwa nje ya maji, na mguu unavuta maji ya kupoza kupitia matundu ya chini mbele kabisa. Ukiipandisha mashine ya kawaida hivyo, utapoteza kona na utaiunguza mashine. Wasomaji walioko Sharjah, Falme za Kiarabu, wameziona boti za F1H2O, mashindano ya dunia ya boti za kasi, pale Khalid Lagoon: mashine ya nje, zaidi ya kilomita 200 kwa saa, hazina breki, na zinakata kona karibu bila kulala. Zinaweza kwa sababu si V. Chini zimeundwa kama mitumbwi miwili mirefu iliyoungana, na njia ya hewa katikati, na kuta za mitumbwi hiyo ndizo zinazoshika maji ubavuni. Dereva ana vitufe vya trimu kwenye usukani, na anauvuta mguu wa mashine ndani kabla ya kila kona. Na bado zinapinduka, ndiyo maana dereva amefungwa mikanda ndani ya kasha gumu. Hakuna chochote katika hayo cha kuigwa kwenye boti yenye watu waliokaa kwenye benchi.

Ukishamaliza kimo, ivue propela uishike mkononi. Pitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma wa kila jani. Kwenye propela nzuri ya mwendo utahisi kikunjo kidogo, ukingo umepinda kama ukucha. Kikunjo hicho ndicho kinachoifanya ishike maji yenye mapovu. Propela iliyogonga mwamba kisha ikanyooshwa kwa nyundo mara nyingi hurudi ikiwa na umbo zuri la macho, lakini kikunjo kimekwenda. Ikiwa hivyo, ibadilishe. Ya majani manne hushika kona vizuri kuliko ya matatu, kwa kupoteza mwendo kidogo wa juu, na kwa kazi yako ningeichagua hiyo. Ila uwe na tahadhari: nyingi za majani manne huinua tezi, kwa hiyo utalazimika kuisukuma mashine nje kidogo zaidi ya ulivyozoea, la sivyo omo itashuka.

Chini ya boti, tumia ubao uleule uuweke kwa urefu kwenye mita moja na nusu ya mwisho. Usione mwanga katikati. Ukiuona, sehemu hiyo imebonyea, kwa kawaida kwa kukaa muda mrefu kwenye trela au magogo yasiyoibeba vizuri, na kibonyeo hicho kinaisukuma omo chini kila unapoongeza mwendo. Tazama pia kingo: ile ya ubavu na ile ya mwisho kabisa kwenye tezi zinatakiwa ziwe kali. Mafundi wetu wakiziba faiba hupenda kuzilainisha ziwe za mviringo kwa sababu zinapendeza, lakini kwenye ukingo wa mviringo maji hayakatiki, yanapanda kando na kuivuta boti. Mwambie fundi azinyooshe zikate.

Halafu maji ya ngamani, yaani yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti. Boti za mtumba mara nyingi zina povu la kuelea chini ya sakafu, na povu la zamani hunyonya maji kama sifongo bila mtu kuona. Ukiongeza na yale yanayocheza ngamani, lita 100 ni kilo 100, na zinahama. Ukipunguza gesi tu, zote zinakimbilia omo, wakati uleule ambao omo inashuka. Kama una sanduku la barafu, nanga nzito na kopo la mafuta la akiba mbele, virudishe katikati au nyuma. Toboa tundu dogo sakafuni uone kama povu limelowa, au bora zaidi, ipimie boti tupu kwenye mzani wa malori.

Usukani wenyewe sitaurefusha. Mashine ikiwa imezimwa, mtu mmoja ashike gurudumu, wewe utikise mguu kushoto na kulia. Ukicheza kabla gurudumu halijasikia, kuna ulegevu, na kwenye noti 40 ulegevu huo peke yake unatosha kuifanya boti ipige mbavu, kushoto kulia, kushoto kulia, kila pigo kubwa kuliko la kabla. Ukiingia kwenye kona wakati huo, umekwisha. Kwa mashine ya 150 ningeondoa waya niweke usukani wa haidroli.

Uendeshaji nao una utaratibu wake. Mwendo upunguzwe kabla ya kona, ungali umenyooka. Kisha uvute mguu ndani kidogo, si mpaka mwisho, kiasi tu cha propela kushika maji mazuri na omo ibaki ikigusa kidogo. Sokota usukani polepole, boti ilale kwanza ndipo uukaze. Gesi ishike palepale, na ukianza kutoka kwenye kona uongeze taratibu. Propela ikianza kulia, fungua usukani kidogo kwanza, halafu ndipo upunguze gesi taratibu. Fungua kwanza, punguza baadaye. Wengi hufanya kinyume. Na omo ikianza kuchimba, nyoosha usukani bila kuachia gesi ghafla. Najua mkono unataka kuachia. Ni jambo la kufanyia mazoezi ukiwa mwenyewe na jaketi, bahari shwari, kwa mwendo mdogo, mpaka mkono ulizoee.

Usikate kona zaidi ya nusu duara ukiwa kasi. Ukizunguka sana unarudi kwenye mkia wako mwenyewe, na pale maji ni mapovu matupu. Propela nzuri kabisa, kwenye kimo sahihi kabisa, itakula hewa ndani ya povu hilo.

Na kamba ya kuzimia mashine, Nahodha, ile inayoizima ukirushwa. Hukuitaja, na hilo limenitia wasiwasi. Ifunge kwenye paja au kwenye jaketi kila unapowasha, hata unahama gati kwenda gati. Tarehe 5 Mei 2013, kwenye mlango wa mto Camel karibu na Padstow, kule Cornwall, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa yote kutoka kwenye boti yao ya mpira ilipokata kona kali kwa kasi. Kamba haikuwa imefungwa kwa aliyekuwa akiendesha. Boti ikaendelea kuzunguka bila mtu, ikawarudia majini. Baba na bintiye wa miaka 8 walifariki. Boti iliyoachwa bila mtu haiendi zake. Msukumo wa propela unausokota mguu mpaka mwisho na boti inazunguka palepale ulipoangukia. Marekani, tangu 1 Aprili 2021, sheria inamtaka mwendeshaji wa boti ya chini ya futi 26 iliyofungwa kifaa hicho akitumie anapokuwa kwenye mwendo. Kamba yenyewe ni bei ndogo, na kama yako imekatika au klipu imelegea, nunua mpya wiki hii.

Umeuliza kuhusu mashine ya 200. Hapana. Itaongeza uzito kwenye tezi, itaongeza mwendo wa kuingia nao kwenye kona, na haitagusa hata kimoja katika haya niliyoyataja. Tena boti iliyoundwa Marekani yenye urefu chini ya futi 20 sharti iwe na kibao karibu na usukani kinachosema farasi wasizidi wangapi na watu wangapi. Kitafute, hata kama kimepakwa rangi juu. Kikisema 115, basi hata hiyo 150 uliyonayo imezidi.

Niandikie vipimo vinne: kimo cha bawa la mguu kutoka kwenye ubao, kimo cha ubao wa tezi, kilo za boti tupu, na namba zilizochongwa kwenye kitovu cha propela. Mpaka vifike, kona zako zote ziwe chini ya noti 20, na abiria wakae kwenye viti vya katikati, ubavuni asikae mtu.